Taa Zilizokataa Keria Tupu

Vijana wa gereji, siku mliponiaga kwa pilau na soda mlinambia niwaandikie niliyoyaona. Nimekaa na karatasi hizi tangu Ramadhani. Shule nilifika darasa la nne. La tano nililichungulia dirishani nikipeleka samaki kwa mwalimu. Basi msinitafutie nukta na mkato. Fuateni waya, mtaona unakokwenda.

Mimi sikuingia gereji kutengeneza gari. Niliingia kushona. Nilikuwa na cherehani yangu ya miguu barazani kwetu Nguvumali, nashona mifuniko ya siti na maturubai ya pikapu. Siku moja akaja mzee wa Kihindi, mwembamba kama mwiko, shati jeupe limejaa matundu ya asidi ya betri. Ndiye Mzee Gulamu, fundi umeme wa magari. Baba yake na babu yake wamezaliwa hapa hapa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani kuliko changu. Akaniwekea juu ya cherehani taa mbili za duara, kila moja pana kama kawa la kufunikia chakula, akataka nizishonee vifuniko vya turubai.

Nikamwambia, Mzee, taa inawekwa imulike, mbona wewe unaivisha nguo? Akasema hizi zinakaa juu ya keria, lile tandiko la chuma la mizigo juu ya paa, na ziko juu kuliko macho ya anayekuja mbele yako. Ukimwashia mwenzio kwenye barabara kuu unampofua, na trafiki akizikuta wazi atakuwa na maneno. Vifuniko vinavuliwa gari likishaingia njia ya porini. Nikamuuliza tena, na umeme unapandaje mpaka huko juu? Hapo akanitazama. Akasema wateja wake wote wanauliza bei, njia hajawahi kuulizwa. Kesho yake vifuniko nilivipeleka mwenyewe, nikaione hiyo njia.

Nilimkuta anapigana na gari. Ametoboa tundu dogo pembeni mwa paa, kalivisha pete ya mpira mvua isipite, na sasa anataka waya ushuke ndani ya nguzo ya mlango mpaka chini kwenye dashibodi. Waya unaingia, unajikunja, unagoma. Vijana wake walishachana kitambaa cha dari vipande viwili wakiutafuta. Mimi kilichoniuma ni kile kitambaa. Nikawaambia watulie, nikaenda nyumbani, nikarudi na mshipi wa kuvulia wa marehemu baba na chubwi lake, lile pande dogo la risasi la kuzamishia ndoana. Nikaliteremsha tunduni. Likagonga chini, ko. Nikalidaka kwa koleo, nikaufunga waya kwenye mshipi, nikavuta, waya ukaja mzima kama samaki mkunga. Kisha nikaketi nikashona dari.

Mzee Gulamu alilichukua lile chubwi akalipima kiganjani muda mrefu. Halafu akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi. Nilikwenda Jumamosi ile, na kazi niliyoianza siku hiyo ndiyo mliyoniaga kwa pilau.

Alinifundisha kwa kunikatalia. Kila nilipouliza "hii ni nini?" alijibu "ing'oe uone nini kinakufa." Nikang'oa. Nikajua kwamba swichi ni kitu kidogo, haibebi umeme wa taa kubwa mbili, itaungua. Kwa hiyo swichi inamwamrisha rilei, na rilei ndiye anayebeba. Nyumba nyingi nazijua zinaendeshwa hivyo. Nikajua fyuzi inakaa jirani na betri, si jirani na taa, kwa sababu waya ukichubuka katikati ya safari unataka mtu wa kuukata kule unakotokea. Nikajua na lile jambo lililonishangaza kuliko yote: umeme wa gari unatoka betri kwa waya, lakini unarudi kwa chuma. Bodi nzima ya gari ni njia ya kurudia. Nililala nikiwaza hilo. Siku zote nimekaa ndani ya gari, kumbe nimekaa ndani ya waya.

Kwa sababu hiyo, taa za keria Mzee alizifunga hivi: waya mwekundu unapanda kutoka kwenye rilei, na waya mweusi, ule wa kurudi, anaukaza kwa bolti hapo hapo kwenye keria. Keria ni chuma, imekaa juu ya paa, paa ni chuma, basi umeme utajua nyumbani kwake. Mafundi wote wa mjini walifanya hivyo. Na mimi nilifanya hivyo.

Kulikuwa na mpaka mmoja baina yetu. Kupanda juu ya gari alipanda yeye. Mimi nilikaa ndani kwenye swichi. Alisema mke wa watu hatapanda juu ya keria barabarani, kadamnasi imtazame kwa chini. Mimi nilishukuru, magoti yangu hayajawahi kupenda ngazi. Basi kazi ilikwenda kama dua na itikio. Yeye huko juu, kapiga magoti nyuma ya taa: "Washa!" Mimi nabonyeza. Yeye: "Zimewaka! Zima!" Nazima, anashuka, anajifuta mikono, mteja anaondoka. Miaka yote ile hatukuona kasoro katika itikio hilo.

Sasa ndiyo nawaleta kwenye Landrova ya Haji Sefu.

Haji Sefu alikuwa mfanyabiashara wa iliki na karafuu. Alikuwa akituma gari lake Amani kupeleka unga, chumvi na mafuta ya taa kwa maduka ya kule mlimani, na vijana wake wa kule wakimkusanyia viungo. Dereva wake alikuwa Semkiwa, Mbondei wa upande wa Muheza, mrefu, maneno machache, mtu wa kupangusa kioo kabla hujamwambia. Taa za juu tulimfungia sisi. Zilipofungwa zilikuwa nzuri mpaka watu walisimama kutazama.

Baada ya masika akarudi. Akasema taa za juu zinawaka wakati wa kupanda, ila akishashusha mzigo na kuanza kuteremka hazipo. Mzee Gulamu akapanda. Washa, zimewaka, zima. Akamwambia Semkiwa hazina kitu. Semkiwa akarudi tena, maneno yale yale, jibu lile lile. Akarudi mara ya tatu, na sasa gereji nzima ilishapata la kusema. Mmoja akasema taa hizo zinaogopa kuteremka. Mwingine akasema gari lina jini, na jini mwenyewe ni mchukuzi, bila mzigo hafanyi kazi. Mama yake Haji Sefu akalisikia hilo akalifukiza ubani. Gari likanukia kama chumba cha biharusi kwa siku kadhaa, na taa zikaendelea na tabia zao.

Mzee Gulamu hakucheka. Lilimgusa jina lake. Alikuwa akisema, "Taa zangu hazichagui njia," na kila akisema hivyo alikuwa anamwita Semkiwa mwongo, ingawa hakulitamka neno. Haji Sefu alilitamka. Alikuja mwenyewe mara hiyo ya tatu, kanzu imepigwa pasi, akasema mbele ya watu wote kwamba dereva wake ana uvivu wa mlima, anatafuta sababu ya kulala Amani, pengine kuna mtu anampikia huko. Akamgeukia. "Leo ndiyo mwisho, Semkiwa. Zikiwaka, unanipa ufunguo. Nina mpwa wangu ana leseni."

Ikawa adhuhuri, Mzee akaenda kuswali kwanza. Tukabaki mimi na Semkiwa kwenye benchi. Mimi nina ugonjwa wa kuuliza, mnanijua. Nikamwambia, "Kaka, hebu nieleze. Si useme tu zimepona, ukae na kazi yako? Mlima umeupanda miaka mingi bila taa za juu."

Akasema Haji hapendi abebe watu. Lakini gari likishuka tupu yeye hubeba wagonjwa. Kule juu nyumba ziko ng'ambo ya bonde, mbali na barabara, na magari mengine ukiyapungia hayasimami. Watu wa kule wanamtambua kwa taa nne, mbili chini mbili juu. Wakiziona zinakata kona ya juu, wanamleta mgonjwa wao barabarani, naye akifika anawakuta.

"Na zikiwa mbili?" nikamuuliza.

"Zikiwa mbili si mimi." Akatazama viatu vyake. "Juzi kulikuwa na mama ana uchungu. Waliniona napita. Walidhani gari la watu wengine. Wakakaa naye mpaka asubuhi."

"Akapona?"

"Yeye alipona."

Sikuuliza zaidi. Ni mara chache hilo limenitokea.

Mzee aliporudi tukaanza. Akapanda juu, mimi nikaingia ndani. Haji Sefu kasimama pembeni, na Semkiwa kashika ufunguo wa akiba mkononi, tayari kuutoa, maana aliyajua matokeo kama mimi. Mbele ya gari, ukutani, kilikuwa kimeegemezwa kioo cha mbele cha basi kilichokuwa kinangoja mwenyewe. Ndani ya kioo hicho nililiona gari letu zima, na Mzee Gulamu juu yake kapiga magoti.

"Washa!"

Nikabonyeza. Kwenye kioo taa mbili zikawaka, nyeupe.

"Zimewaka! Zima!"

Haji Sefu akanyoosha kiganja. Nami sikuzima. Si kwa ujanja, msinipe sifa isiyo yangu. Nilikuwa namtazama Semkiwa anavyokwenda kuutoa ule ufunguo, nikasahau itikio langu. Mzee akaanza kushuka. Akaweka mguu kwenye bampa, akaweka mwingine chini. Na kwenye kioo, taa zikazimika.

Nikaitazama swichi. Imewashwa. Nikakitazama kioo. Giza.

"Mzee," nikasema, "hebu panda tena."

"Nipande kufanya nini? Zimewaka."

"Panda tu, Mzee wangu."

Akapanda anaguna. Alipoweka goti la pili juu ya keria, taa zikawaka. Nikamwambia ashuke. Akashuka, zikazimika. Sasa watu walishaona. Haji Sefu akasema huyu mwanamke anachezea swichi. Nikashuka garini, nikasimama katikati ya uwanja mikono juu kama mtu aliyekamatwa na magendo, nikasema, "Hakuna mtu ndani, Haji. Panda, Mzee."

Mzee akapanda. Zikawaka. Fundi wa rangi akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe jini mwenyewe ni Mzee Gulamu," na watu wakaangua kicheko.

Mimi nilikuwa namtazama Mzee usoni. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alishuka, akapanda, akashuka, akaweka mkono mmoja tu akakandamiza kona ya keria, taa zikapepesa, akauondoa, zikafa, akaukandamiza tena. Alikuwa kama mtoto aliyegundua bomba la maji. Alisahau kwamba kuna mteja. Halafu akalaza shavu juu ya paa, akachungulia chini ya mguu wa keria, akaingiza kidole, akatoa kipande cha ndara, zile kandambili za mpira. Ndara ya bluu, imekatwa vizuri kwa kisu.

Miguu yote ya keria ilikuwa imevishwa ndara, na badala ya bolti ilikuwa imefungwa kwa mipira ya tyubu, imekazwa hasa. Ilikuwa inakaa juu ya paa haigusani na chuma cha gari popote. Umeme ulikuwa unapanda kwa waya, unafika kwenye taa, unataka kurudi, unakuta mlango wa mpira. Ila mguu mmoja wa nyuma ndara yake ilikuwa imelika. Ukipakia magunia ya chumvi, au ukimpakia Mzee Gulamu, keria inadidimia, kona ya chuma inapenya kwenye tundu la ndara na kugusa paa, na njia inafunguka. Ukishusha, inafungwa. Na sisi kila tulipokwenda kuangalia taa, tulipanda juu ya keria kuziangalia.

"Nani kaweka ndara juu ya gari langu?" Haji Sefu akauliza.

"Mimi, Haji," Semkiwa akasema. "Bolti zilioza, keria ikawa inakwaruza. Ulinambia rangi ya paa ikikwaruzika nitaeleza."

"Kumbe umeziua mwenyewe."

Na kile kiganja kilikuwa bado kimenyooshwa. Nilidhani nimemwokoa, kumbe nimemtafutia kosa la kweli badala ya lile la uongo.

Mzee Gulamu alishuka taratibu, ile ndara mkononi. Akasema, "Haji, huyu amelilinda paa lako kama ulivyomwamrisha. Dereva hana kazi ya kujua umeme unarudi wapi. Mwenye kazi hiyo ni mimi. Keria si gari, keria ni mgeni juu ya gari, inafunguliwa, inafungwa, inavishwa hata ndara. Sikupaswa kuukaza waya wangu kwa mgeni. Na mtu wako alikuwa anasema kweli mara zote. Nilikuwa namkatalia nimeukalia ukweli wake kwa magoti."

Hakuna aliyecheka. Mzee alimgeukia Semkiwa, mtu ambaye angeweza kumzaa, akamwambia, "Nisamehe, baba." Semkiwa akasema yamekwisha, Mzee, yamekwisha.

Haji Sefu akakirudisha kiganja chake, akakifuta kwenye kanzu kana kwamba alikinyoosha kwa ajili hiyo.

Tukafanya kazi iliyobaki. Nikateremsha chubwi, nikavuta waya mweusi wenye unene sawa na mwekundu, tukaupitisha ndani ya nguzo mpaka chini, tukasugua ncha kwa msasa mpaka ikang'aa, tukaukaza kwenye betri yenyewe. Ndara tukairudisha mahali pake, ilikuwa inafanya kazi yake. Tangu siku hiyo hakuna taa iliyotoka mikononi mwa Mzee Gulamu ikiwa na waya mmoja. Mkiona gari kuukuu lenye waya mweusi unaoshuka kutoka kwenye keria, na dari yake imeshonwa kwa mkono, mjue limepita kwetu.

Lakini mimi kiu haikuniisha. Nilikuwa nimefunga taa za watu wa porini miaka na sijawahi kuziona zinafanya kazi porini. Nikaomba niende Amani na gari. Mume wangu akasema mwanamke anayefuata taa mpaka mlimani ana lake jambo. Akaja na yeye, akakaa nyuma na magunia, akalalamika kutoka Muheza mpaka juu. Allah amrehemu, alikuwa mtu wa kusindikiza.

Tulishusha mzigo alasiri. Tukaanza kuteremka magharibi, keria tupu, na taa zinawaka. Nikajifunza jambo ambalo gerejini singelijua hata ningeishi mara mbili. Ukungu ulipotushukia, Semkiwa alizizima za juu. Nikashtuka, nikadhani zimekufa tena. Akaniwashia nione: mwanga wa juu ukiingia kwenye ukungu unakurudia usoni kama mtu kakutandikia shuka jeupe mbele ya kioo. Taa za chini zinapita chini ya shuka. Basi liandikeni hili: ukungu ukija, zima za juu. Na boneti nyeupe nayo inakurudishia mwanga machoni. Tulipofika mjini tulizirudisha taa nyuma kidogo kwenye keria, na Semkiwa akaipaka boneti rangi nyeusi isiyong'aa.

Tulipotoka ukunguni, kabla ya ile kona ya juu, akaziwasha. Nne. Akapunguza mwendo, asije akapita upesi asionekane. Ng'ambo ya bonde kulikuwa weusi mtupu wa miti. Sikuona nyumba hata moja. Kisha tochi ikawaka kule, ikazimika, ikawaka tena.

Tulipofika chini walikuwapo. Vijana wamembeba babu yao juu ya kiti cha mti, na pembeni mwanamke mmoja wa makamo kashika kapu. Mume wangu aliteremka bila kuambiwa akawasaidia kumpandisha mzee. Yule mwanamke hakututazama sisi. Alikuwa anatazama juu ya gari. Akamwambia Semkiwa, "Leo umekuja wewe." Akapanda, tukaondoka.

Mzee Gulamu nilimweleza habari hiyo siku iliyofuata. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza tochi ilikuwa upande gani wa bonde na ilikuwa mbali kiasi gani. Alitaka kujua mwanga wake umefika wapi.

Amekwenda mbele ya haki sasa, na Semkiwa kaacha kuendesha, macho yamechoka. Taa za siku hizi ni ubao mmoja mrefu, zinakunywa umeme kama ndege anavyokunywa maji, na waya zake zinakuja zimefungwa tayari kwenye boksi. Mjukuu wangu Rukia, binti ya Zuhura wangu, ndiye fundi umeme wenu, na nani alisema mke wa watu hapandi juu ya keria? Yeye anapanda, ovaroli chini, mtandio juu, na atakayemtazama vibaya atarushiwa spana. Mimi nimejivuna kwa hilo na sitaomba radhi.

Siku yangu ya mwisho kazini alikuwa juu ya gari la watalii linalokwenda Saadani. Mimi niko chini kwenye kibao, na kahawa yangu. Akaniambia, "Bibi, zimewaka," tayari anakusanya vifaa.

Nilimwonyesha kwa mkono: shuka.

Akashuka. Akaja mpaka nilipo, akageuka, tukatazama pamoja, gari likiwa peke yake na hakuna mtu juu yake wala ndani yake. Zilikuwa bado zinawaka. Ndipo nikavua ovaroli yangu.